Askofu Frank Weston na Wapagazi wa Vita



Kila mwaka tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote, husomwa altareni majina ya wafu wetu, nayo orodha ni ndefu hata waliokaa viti vya nyuma huanza kuhesabu kurasa zilizobaki. Siku hiyo hiyo, mwaka 1924, alifariki Askofu Frank Weston wa Unguja, ambaye dayosisi yake ilifika mpaka hapa Dar es Salaam, na kusini mpaka Masasi na mto Ruvuma. Wazee waliotulea katika imani walimtaja kama mtu waliyemfahamu. Vijana wetu wa leo, wakimjua, wamjua kama picha ukutani. Tumeombwa tuandike habari zake, nasi tumeona vema tusiandike yote, maana ni mengi, bali tukae zaidi juu ya jambo moja linalowahusu watu wa Kariakoo kuliko wanavyodhani.

Miaka tuliyofundisha shule, tulikuwa na desturi ya kuwauliza watoto jina la Kariakoo limetoka wapi. Majibu hayakukosekana. Mtoto mmoja alisimama kwa ujasiri akasema ni jina la Mhindi aliyekuwa na duka kubwa la vitambaa. Mwingine alisema ni jina la samaki. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba ni jina la jeshi la watu wasio na bunduki, ambao wengi wao hawakurudi makwao. Lakini ndivyo ilivyo. Wajerumani walikuwa wamejenga hapa jumba la soko, na kabla halijaanza kazi yake vita vya mwaka 1914 vikaingia. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam, tarehe 4 Septemba 1916, waliligeuza jumba lile na viwanja vyake kuwa kambi ya wapagazi wa jeshi. Kikosi hicho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na ulimi wetu ukalitengeneza jina hilo upendavyo. Nairobi nao wana Kariokor yao, kwa sababu hiyo hiyo. Wapagazi walipoondoka jina likabaki, na baada ya vita jumba likawa soko kama lilivyokusudiwa.

Sasa turudi kwa Askofu wetu.

Frank Weston alizaliwa kusini mwa London tarehe 13 Septemba 1871. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa majani ya chai, akafa Frank angali mtoto. Alisoma Oxford, akafaulu mtihani wa theolojia katika daraja la kwanza mwaka 1893. Mtu mwenye cheti cha namna hiyo angeweza kukaa chuoni maisha yake yote, akaandika vitabu na kula vizuri. Yeye alikwenda kufanya kazi katika mitaa ya maskini ya mashariki ya London, akapewa ushemasi, kisha upadri, na wakati wote moyo wake ulikuwa Afrika. Mara ya kwanza alipojitolea kuja, madaktari walisema afya yake haifai. Alingoja. Mwaka 1898 wakamkubali, akaja Unguja na Misheni ya Vyuo Vikuu, ile ambayo wazee wetu waliiita kwa herufi zake tu, UMCA.

Kanisa alilolikuta pale Mkunazini limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Watumwa wale walifika pwani wakiwa na minyororo shingoni, na wengi wao walikuwa na meno ya tembo vichwani. Twaomba msomaji alishike jambo hili, kwa kuwa tutalirudia: katika nchi hizi, mtumwa na mpagazi walipita njia moja.

Padri Weston aliwekwa kufundisha, na tangu mwaka 1901 alikuwa mkuu wa Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, kilichoanza kwa ajili ya vijana waliokombolewa utumwani na kikawa kisima cha walimu na mapadri wa nchi hii. Wale wanaoifahamu Minaki wajue kwamba Minaki ndiyo Kiungani iliyohamia bara mwaka 1925. Sisi tuliosomea ualimu twapenda kusema kwamba alikuwa mwalimu kabla ya kuwa askofu, na kwamba uaskofu haukumwondolea ualimu. Kiswahili alikijua vizuri, si kile cha kuagizia chai. Alisisitiza kwamba Mwafrika afundishwe awe padri kamili, asiwe msaidizi wa padri wa Kizungu maisha yake yote. Katika siku zile si kila mmisionari aliyekubali neno hilo.

Mwaka 1908 akafanywa Askofu wa Unguja. Mwaka 1911 akaanzisha shirika la masista la Mateso Matakatifu, ambao baadaye walijulikana sana Tanga, Masasi na kwingineko kwa kuwauguza wagonjwa, wakoma wakiwamo. Kuna mama zetu wengi waliozaliwa mikononi mwa masista hao.

Mwaka 1913 alipata sifa ambayo wengine waliiona ni sifa mbaya. Katika misheni ya Waskoti huko Kikuyu, Kenya, maaskofu wawili wa Kianglikana, wa Mombasa na wa Uganda, walikutana na wamisionari wa madhehebu mengine kupanga umoja, na mwisho wa mkutano wakashiriki Meza ya Bwana pamoja. Askofu Weston alipinga kwa nguvu zote, akawashtaki kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Magazeti ya Uingereza yalijaa habari hiyo. Hatutaki kufungua tena ugomvi huo hapa, kwani hata leo wapo watakaotugombeza kwa upande huu au ule. Tumeutaja kwa sababu mmoja wa wenyeji wa mkutano ule alikuwa Daktari John Arthur wa misheni ya Waskoti, na tutamkuta tena mbele.

Agosti 1914 vita vikaanza, na dayosisi ya Askofu Weston ikapasuka katikati. Unguja ilikuwa chini ya Waingereza. Magila, Korogwe, Dar es Salaam na Masasi zilikuwa chini ya Wajerumani. Wamisionari Waingereza walioko bara walizuiliwa. Walimu Waafrika wa Misheni walipata mabaya zaidi, kwani walishukiwa kuwa wapelelezi, wakakamatwa, wakafungwa minyororo, wakafanyishwa kazi ngumu, na wengine wakafa wakiwa mikononi mwa askari. Hao walikuwa wanafunzi wa Kiungani, vijana aliowafundisha yeye mwenyewe kusoma na kuomba. Kwa muda mrefu hakuweza kuwafikia hata kwa barua.

Watu wa Unguja hawakuviona vita kwa mbali. Jumapili alfajiri, tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliikuta manowari ya Waingereza, Pegasus, ikitengenezwa bandarini, ikaipiga mpaka ikazama. Mabaharia 38 walikufa na 55 wakajeruhiwa mbele ya macho ya mji.

Lakini vita vya bara vilikuwa vya namna nyingine. Huku hapakuwa na barabara, na reli zilikuwa zimevunjwa. Farasi, nyumbu na maksai walikufa kwa mbung'o kwa maelfu. Basi kila risasi, kila gunia la unga, kila sanduku la dawa, na hata kitanda cha ofisa, vilikwenda kwa kichwa cha mtu. Mzigo ulikuwa ratili 50 hivi, yaani zaidi ya kilo 20, na mpagazi alitembea nao kutwa, katika matope na mito iliyofurika, akalala chini bila hema. Kwa upande wa Waingereza peke yao, watu karibu milioni moja waliandikwa kuchukua mizigo katika vita vya Afrika Mashariki. Waliokufa, kwa hesabu ya serikali yenyewe, walizidi 95,000, na wanahistoria wengi waona hesabu hiyo ni ndogo. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, ambao hata hesabu hawakuhesabiwa sawasawa.

Twapenda msomaji ajue walikufaje. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi. Mtu aliyezoea mhogo, wali au ndizi alipewa unga wa mahindi, asiwe na sufuria ya kutosha wala kuni kavu wala nafasi ya kuupika, akaula nusu mbichi baada ya kutwa nzima ya kutembea. Tumbo likaharibika. Kesho yake alitakiwa kubeba tena. Aliyeshindwa aliachwa njiani, na aliyebahatika alifikishwa hospitali ya wapagazi. Mshahara wake ulikuwa chini sana ya ule wa askari. Kenya walifika hata kupewa Rupia 5 kwa mwezi.

Mwaka 1916 serikali ilitaka wapagazi kutoka Unguja. Watu waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa, maana habari za bara zilikuwa zimekwisha kuvuka bahari. Hapo ndipo Askofu Weston alipofanya jambo ambalo kwalo tumeandika makala hii. Alijitolea kukikusanya kikosi cha wapagazi wa Unguja na kwenda nacho yeye mwenyewe. Jeshi likampa cheo cha meja. Askofu akavaa mavazi ya kijeshi, akavuka bara na watu wake.

Wapo waliosema, na wapo watakaosema leo, kwamba si kazi ya askofu kuwa meja. Sisi pia tumelifikiri jambo hili mara nyingi, wala hatusemi ni jepesi. Kama angekataa, mikono yake ingebaki safi, na watu wangekusanywa vivyo hivyo, wakaongozwa na mtu asiyejua lugha yao wala majina yao. Alichagua kuwa pamoja nao. Wengi wa watu wale walikuwa Waislamu, wala hawakuwa kundi lake kwa hesabu ya kanisa. Alikwenda nao hata hivyo, akawa kati yao na maofisa, mtu wa kuwasemea kwa lugha ambayo maofisa walilazimika kuisikiliza, kwa sababu ya cheo chake. Twaamini hiyo ndiyo ilikuwa maana ya kukubali cheo hicho. Jeshi lilimtaja kwa sifa katika taarifa zake za vita.

Kikosi kilichokuwa na kiongozi anayewajua watu wake hakikufa kama vikosi vingine, na ushahidi wa jambo hili tunaupata vizuri zaidi Kenya, tena kwa mtu yule yule wa ugomvi wa Kikuyu. Mwaka 1917 serikali ya Kenya ilifanya msako mkubwa wa wapagazi, ukakamata watu zaidi ya 100,000. Daktari Arthur, alipoona hayo, alikusanya watu wa misheni zaidi ya 1,500 wakajitolea, akaenda nao vitani akiwa ofisa wao na daktari wao. Aliangalia chakula chao, maji yao, na pahali pa kulala. Walikufa wachache kuliko wa vikosi vingine, ingawa njia zilikuwa zile zile na mvua ile ile. Basi watu wawili walioshindwa kushiriki meza moja mwaka 1913 walifanya kazi moja katika vita, kila mmoja peke yake. Mwaka 1918 Askofu Weston alikwenda mwenyewe Kikuyu kwenye mkutano wa pili. Hawakukubaliana juu ya umoja, ila walionana uso kwa uso. Sisi twafikiri kwamba watu waliowazika wapagazi huzungumza kwa namna nyingine.

Askofu alitoa kitabu kidogo mwaka 1918, barua ya wazi kwa Jenerali Smuts, akieleza ukatili wa utawala wa Wajerumani juu ya watu weusi. Aliyoyaandika aliyapata kwa walimu wake waliotoka kifungoni. Kitabu kiliwafurahisha sana wakubwa wa Uingereza waliotaka sababu ya kuishika Tanganyika. Tuseme kweli: wakati ule ule wapagazi wa Waingereza walikuwa wamekufa kwa makumi ya maelfu, na msomaji wa kitabu kile asingeyapata hayo humo. Tungependa angeyasema mapema.

Lakini aliyasema. Mwaka 1919 serikali ya Kenya iliwaagiza maofisa wake na machifu wawahimize watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na kila mtu alijua kuhimiza kwa chifu maana yake nini. Maaskofu wa Mombasa na Uganda, pamoja na Daktari Arthur, waliandika kupinga mabaya ya agizo hilo, ila walikubali kwamba kazi ya lazima yaweza kuwapo ikiwekwa kisheria na kusimamiwa vizuri. Askofu Weston hakukubali hata hilo. Mwaka 1920 alitoa kijitabu kingine, na safari hii aliowashtaki walikuwa Waingereza wenzake, kwamba wanawafanya Waafrika watumwa wa ardhi. Hakukiandika ili kimpatie marafiki. Pamoja na kelele za watu wengine katika Uingereza, Waziri wa Makoloni, Winston Churchill, aliagiza mwaka 1921 kwamba maofisa wa serikali wasiwatafutie walowezi vibarua tena. Askofu alikuwa amewaona wapagazi kwa macho yake; kuanzia hapo hakumwamini tena mtu yeyote aliyesema kwamba Mwafrika alazimishwe kwa faida yake mwenyewe.

Na wale waliorudi vitani, wagonjwa au vilema, na wajane wa wasiorudi, walipata nini? Uingereza mwaka 1921 kiliundwa chama kikubwa cha kuwasaidia askari waliorudi na familia zao, na mwaka huo huo, kule Cape Town, likaanzishwa shirikisho la vyama vya namna hiyo kwa nchi zote zilizokuwa chini ya Uingereza. Palikuwa na pensheni, viungo vya bandia, na maua mekundu ya kuuza kila Novemba ili fedha zipatikane. Mpagazi hakuhesabiwa kuwa askari. Hakuwa na pensheni. Jina lake liliandikwa na karani asiyejua kulitamka, kijiji chake kikaandikwa vibaya, na alipokufa mshahara wake ukabaki katika vitabu vya serikali, kwa kuwa mkewe hakujulikana yuko wapi, wala mkewe hakujua kwamba kuna fedha. Mshahara wa namna hiyo, usiodaiwa na mtu, ulifika fedha nyingi sana. Maofisa wachache wenye huruma waliomba utumike kwa faida ya Waafrika. Wenye hazina wa London walikataa, na maombi yakaendelea kukataliwa hata miaka ya 1930.

Kwa hiyo msaada wote waliopata watu hawa ulitoka kwa watu waliokuwa karibu nao: kwa ndugu, kwa majirani, na kwa misheni zilizokuwa na dawa. Mtu aliyerudi na mguu ulioharibika aliwekwa chini ya mwembe wa nyumba ya kaka yake, akalishwa, akawaogopesha watoto kwa hadithi zake mpaka akafa. Babu yetu mmoja alikuwa hivyo. Hatukumwona, maana alikufa kabla hatujazaliwa, lakini bibi yetu alisema kwamba maisha yake yote aligoma kula ugali.

Mwaka 1920 Askofu alihudhuria mkutano wa maaskofu wote huko Lambeth, na kwa mshangao wa waliomjua kwa ugomvi wa Kikuyu, alishirikiana na wenzake katika mwito wa umoja wa Wakristo. Julai 1923 aliuongoza mkutano mkubwa wa Waanglikana wa Kikatoliki mjini London. Watu walijaa ukumbi wa Albert Hall. Walikuwa wametoka kushinda mapigano mengi ya kanisani, juu ya ubani, mavazi na kuihifadhi Sakramenti, na walitazamia kusifiwa. Askofu aliwaambia kwamba kuabudu kwao mbele ya altare ni bure, ikiwa wakitoka nje wanampita Bwana huyo huyo aliyevaa matambara mitaani na anayetolewa jasho katika viwanda. Hotuba hiyo yakumbukwa mpaka leo katika nchi nyingi. Wazungu wengi huieleza kwa habari za vitongoji duni vya London, na bila shaka ni kweli, kwa kuwa alivijua. Sisi wa huku twaisoma pia tukimwona mtu aliyetoka kutembea nyuma ya mstari mrefu wa vichwa vyenye mizigo.

Alirudi Unguja. Aliendelea kutembelea dayosisi kwa miguu, kama alivyozoea. Mwishoni mwa Oktoba 1924 alikuwa Hegongo, Magila, akashikwa na jipu baya, na sumu ikaingia katika damu. Dawa za kuua vijidudu tunazonunua leo kwa shilingi chache hazikuwapo. Alifariki Jumapili, tarehe 2 Novemba, akiwa na umri wa miaka 53, akazikwa huko huko.

Miaka mitatu baada ya kufa kwake, mwaka 1927, ilisimamishwa hapa mjini ile sanamu ya askari tunayoipita kila siku. Anayesimama juu ameshika bunduki yenye singe, ameielekeza bandarini. Wapagazi wametajwa katika maandishi ya chini, yaliyoandikwa kwa lugha zaidi ya moja, lakini mwenye kupita kwa daladala hasomi maandishi. Kule Nairobi mchongaji aliweka watu watatu juu, na mmoja wao ni mpagazi. Wetu hakupandishwa. Makaburi ya askari wa vita yapo barabara ya Bagamoyo, yametunzwa vizuri, nyasi zimekatwa. Wapagazi waliokufa katika hospitali na njia za nchi hii hawana makaburi yenye majina. Aprili 2021 tume ya Waingereza inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa yake yenyewe, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine wakafika 350,000, wengi wao Waafrika, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa popote, na kwamba mawazo ya ubaguzi ya wakati ule ndiyo yaliyosababisha. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 100.

Basi kumbukumbu kubwa waliyonayo wapagazi katika mji huu ni jina la Kariakoo. Soko lenyewe limebadilika. Jengo la zamani liliondolewa, na lile lililochorwa na msanifu wetu Beda Amuli likafunguliwa mwaka 1975. Likaungua Julai 2021, likatengenezwa upya. Lakini tembea Mtaa wa Mkunguni au Tandamti saa kumi na mbili asubuhi, utawaona vijana wenye magunia mabegani na wenye mikokoteni wakipiga kelele wapishwe njia, na akina mama wakiwafokea kwa kuwakanyagia nyanya. Mzigo haujaisha Kariakoo.

Wala majeruhi wa vita hawajaisha nchini. Wapo kati yetu waliokwenda Kagera mwaka 1978 na 1979. Wapo waliozika vijana wao baada ya tarehe 7 Desemba 2017, siku walipouawa askari wetu wasiopungua 14 waliokuwa wakilinda amani mashariki ya Kongo, na wengine wengi wakarudi na majeraha. Hao ni askari, wanayo majina na namba, na serikali yawajua. Hata hivyo mama wa majeruhi huja kanisani Jumapili, akakaa peke yake, nasi humwuliza hali, akasema nzuri, tukaenda zetu.

Kwa sababu hiyo mwaka huu, kwa ruhusa ya Padri wetu, tumekubaliana mambo mawili. Kwanza, sadaka ya pili ya tarehe 2 Novemba itawekwa kando kwa ajili ya familia za mtaa wetu zinazouguza au zilizofiwa na askari, na akina mama wa Umoja wa Mama watapeleka wenyewe nyumba kwa nyumba. Pili, mtu yeyote aliye na jina la babu au ndugu wa ukoo aliyechukuliwa kuwa mpagazi katika vita vya 1914 hadi 1918, awe alifia njiani au alirudi, awe Mkristo au Mwislamu, awe alibebea Waingereza au Wajerumani, aliandike kwenye karatasi pamoja na kijiji alichotoka, alilete kwa katibu wa mtaa kabla ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kama hujui jina lote, andika ulilosikia kwa bibi yako. Yatasomwa altareni pamoja na la Askofu Frank.